Kozi ya historia ya sinema ya Marekani ni shule kamili, mzee wangu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyelalamika kwamba kijana wake anayesoma huku Marekani amejiandikisha kozi ya historia ya sinema ya nchi hii. Mzee huyo aliandika kwa uchungu wa mzazi anayelipa karo. Uchungu huo naujua, maana karo yangu naitoa mwenyewe kwenye mshahara wa kuhudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee hapa New Jersey. Alisema kijana amelipiwa akakae gizani kutazama picha. Kwa heshima zote, mzee wangu, naomba nikueleze kinachofanyika humo gizani. Nimetoka kuimaliza kozi ya aina hiyo katika chuo cha jioni, na katika masomo yote niliyosoma hapa hakuna lililonifanyisha kazi kama hilo.

Kozi yetu haikuanza na Hollywood wala na nyota yeyote. Ilianza na mtu anayepiga chafya. Mwalimu alizima taa akatuonyesha mkanda wa sekunde chache tu: Fred Ott, mfanyakazi wa maabara ya Thomas Edison, ananusa ugoro, anakunja uso, anapiga chafya, basi. Taa zikawashwa. Mwalimu akauliza swali moja: kwa nini mkanda huu upo hadi leo, wakati maelfu ya mikanda iliyokuja baada yake imepotea?

Jibu lilituchukua kipindi kizima, nalo ni la sheria. W.K.L. Dickson, aliyeupiga mkanda ule, aliupeleka Maktaba ya Bunge la Marekani Januari 1894 ili aupatie hakimiliki. Sheria ya wakati ule haikuwa na habari na sinema. Ilichokitambua ni picha za kawaida. Kwa hiyo alipeleka karatasi yenye picha ndogo 45 zilizopangwa kwa safu, chafya nzima ikiwa imegandishwa hatua kwa hatua. Waliomfuata wakaanza kuchapa mikanda mizima kwenye mabunda marefu ya karatasi na kuyakabidhi maktaba, mpaka mwaka 1912 sheria ilipobadilishwa na sinema ikatambuliwa kwa jina lake. Mikanda yenyewe ilioza au ikaungua. Karatasi zikabaki stoo. Miongo kadhaa baadaye ndipo watu wakazitoa, wakazipiga picha upya moja baada ya nyingine, na sinema zaidi ya 3,000 za miaka ile ya mwanzo zikatembea tena. Chukua wiki hiyo moja tu, mzee wangu: mwanao amejifunza sheria ya hakimiliki, amejifunza tabia ya kemikali, na amejua kwamba kinachobaki katika historia mara nyingi kimebakizwa na karani aliyekuwa anafuata utaratibu wa ofisi yake.

Kazi ya nyumbani ya kwanza ilikuwa kuichambua The Great Train Robbery, iliyoongozwa na Edwin S. Porter mwaka 1903. Ni ya dakika kama 12. Ukiitazama kwa starehe zinapita haraka. Sisi tulitakiwa kuandika kila shoti, yaani kila kipande cha picha kilichopigwa bila kukatwa, kwenye jedwali: kamera imewekwa wapi, imetulia au inasogea, nani anaingia na kutoka upande gani, sekunde ngapi, na imekatwa tendo likiwa limefikia wapi. Usiku wangu wa mapumziko uliishia hapo. Nilisimamisha, nikarudisha nyuma, nikaandika, nikafuta. Kwenye ofisi ya telegrafu ya stesheni kamera haitikisiki kabisa, inatazama chumba kama mtazamaji aliyekaa katikati ya ukumbi wa michezo ya jukwaani. Halafu majambazi wanashuka kwenye kichwa cha treni na kukimbilia msituni, na hapo kamera inageuka na kuinama kuwafuata. Ukiwa umeandika kutulia, kutulia, kutulia, ule mgeuko mdogo unakushtua. Ndipo nikaelewa kwamba mbinu tunazoziona leo za kawaida kabisa zilibuniwa na watu fulani, kwa sababu fulani, mwaka fulani.

Kuna shoti moja katika sinema hiyo ambayo darasa zima tulibishana juu yake. Mkuu wa majambazi anatokea karibu sana, kifua na uso tu, anatunyooshea bastola na kufyatua. Haimo katika mtiririko wa hadithi; mtu huyu alishauawa. Katalogi ya kampuni ya Edison iliwaambia wenye kumbi kwamba shoti hiyo wanaweza kuionyesha mwanzoni au mwishoni, wapendavyo. Maana yake ni kwamba mwaka 1903 sinema ilikuwa haijakamilika inapotoka kiwandani. Mwenye ukumbi alikuwa na mamlaka ya kuamua watu watoke na hofu au waanze nayo. Miaka michache baadaye mamlaka hayo yalinyang'anywa na makampuni, na historia kubwa ya sinema ya Marekani inahusu unyang'anyi huo: nani anaamua picha ianze vipi, iishe vipi, ionyeshwe wapi, na nani aketi wapi akiitazama. Hilo ndilo ninalotaka wasomaji wenzangu walione. Anayesoma majina ya nyota na orodha za tuzo amesoma matangazo ya biashara. Historia iko kwa wenye fedha, wenye sheria na wenye funguo za milango ya kumbi.

Nina bahati ya kusomea kozi hii New Jersey, maana kazi kubwa ya mwanzo ilifanyika hapa. Mwalimu alitupeleka West Orange, kwenye maabara ya Edison ambayo sasa ni makumbusho, tukaona mfano wa Black Maria, ile studio ya mwaka 1893. Ya asili ilibomolewa zamani. Ni banda jeusi lililofunikwa karatasi ya lami, paa lake linafunguka, na lote limewekwa juu ya reli ya duara ili lizungushwe kulifuata jua. Nilisimama mbele yake kwa muda mrefu. Taa za umeme za kutosha kupigia picha hazikuwapo, basi nyumba yenyewe ndiyo iliyolifuata jua! Sijaona katika kitabu chochote maelezo ya shida ya mwanga yaliyo wazi kuliko banda lile.

Na Fort Lee, karibu kabisa na jiji la New York ng'ambo ya mto Hudson, ndiko studio nyingi zilikokuwa kabla ya Hollywood. Mwanamke Mfaransa, Alice Guy-Blaché, alijenga studio yake ya kampuni ya Solax huko mwaka 1912, akabandika bango kubwa la kuwataka waigizaji wacheze kwa uhalisi. Alikuwa mwongozaji, mtayarishaji na mwenye kampuni. Nilipomtaja kwa wenzangu kazini hakuna aliyewahi kumsikia, ingawa baadhi yao wamezaliwa kaunti hiyohiyo. Kwa nini studio zilihamia California? Hadithi inayopendwa ni kwamba zilimkimbia Edison na muungano wake wa wenye hataza, yaani haki za uvumbuzi, ulioundwa mwaka 1908. Mwalimu wetu hakutuachia tuimeze. Alitupa sababu nyingine tuzipime: jua la mwaka mzima, milima, bahari na jangwa vikiwa karibukaribu, ardhi ya bei nafuu, na Los Angeles ambako vyama vya wafanyakazi vilikuwa dhaifu na vibarua walilipwa kidogo. Ongeza uhaba wa makaa ya mawe wa majira ya baridi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, studio za Fort Lee zikiwa hazina cha kupashia moto. Nusu ya darasa iliondoka na jibu moja na nusu na jingine, na wote tulikuwa tumesoma nyaraka.

Sasa nifike mwaka 1915, ambao ndio ulionigusa kuliko yote. Mwaka ule Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya kampuni ya Mutual dhidi ya jimbo la Ohio, iliamua kwa kauli moja kwamba sinema ni biashara tupu, kwa hiyo haina kinga ya uhuru wa kujieleza. Kila jimbo na kila mji ukawa na ruhusa ya kuweka wakaguzi wa kukata wanachotaka. Uamuzi huo ulikaa mpaka 1952. Na mwaka huohuo wa 1915 D.W. Griffith alitoa The Birth of a Nation, sinema ya saa tatu inayowatukuza Ku Klux Klan, lile kundi la wazungu wabaguzi, na kumchora mtu mweusi kama mnyama wa kuogopwa. Ilionyeshwa Ikulu. NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi kilichoanzishwa 1909, kiliipinga mji kwa mji. Huko Boston mhariri William Monroe Trotter aliongoza maandamano. Novemba ya mwaka huo Klan ilifufuliwa juu ya mlima wa Stone Mountain, Georgia.

Wapo wanaosema sinema hiyo isionyeshwe darasani kabisa. Wapo wanaosema ionyeshwe yote kwa sababu ya ufundi wake. Mimi nilikuwa mtu mweusi pekee katika safu yangu ya viti, na nitasema ninavyoona: ionyeshwe kwa vipande, taa zikiwa zimewashwa, na wiki inayofuata darasa litazame Within Our Gates ya mwongozaji mweusi Oscar Micheaux kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kukatishwa. Mwalimu wetu alifanya hivyo. Chuo kinachofundisha ya kwanza na kuiacha ya pili kinamwacha Griffith aseme peke yake, kama alivyosema peke yake katika miji mingi mwaka 1915.

Micheaux alizaliwa Illinois mwaka 1884, akawa mkulima kwenye mbuga za South Dakota, akaandika riwaya na kuziuza mwenyewe akizunguka mlango kwa mlango, kisha akaingia kwenye sinema bila studio kubwa yoyote nyuma yake. Within Our Gates ilitoka 1920, miezi michache tu baada ya ghasia za kibaguzi zilizoitikisa Chicago, na ilipotakiwa kuonyeshwa katika jiji hilohilo kukawa na hofu kwamba itawasha moto upya. Ikakatwa hapa, ikakatwa pale, hatimaye ikapotea. Kwa miaka mingi watu waliisoma magazetini tu. Ikaja kugunduliwa Madrid, kwenye hifadhi ya sinema ya Hispania, ikiwa na jina la Kihispania, La Negra, na Maktaba ya Bunge ikairejesha mwaka 1993.

Naomba nikueleze sini moja ya mwisho, maana ndiyo iliyonionyesha thamani ya lile jedwali la shoti. Tunarudishwa nyuma kwenye maisha ya awali ya Sylvia, mwalimu mweusi. Kundi la wazungu linawanyonga baba na mama waliomlea. Wakati huohuo, ndani ya nyumba, mzee wa kizungu anamvamia Sylvia. Micheaux anakata kutoka kwenye kamba kwenda chumbani, kutoka chumbani kurudi kwenye kamba, kisha kwenye moto uliowashwa nje. Kukata huku na huku namna hiyo ndiko kulikompa sifa Griffith: kwake yeye anayekimbizwa ni msichana wa kizungu, na wanaokuja mbio kumwokoa ni Klan. Micheaux amechukua mbinu ileile na kuujibu uongo kwa kipimo kilekile cha shoti. Anayevamiwa ni mwanamke mweusi, na hakuna farasi anayekuja. Mvamizi anasimama pale tu anapoona kovu kwenye kifua cha Sylvia na kugundua kwamba ni binti yake wa kumzaa. Hakuna aliyesema neno darasani. Nilihesabu shoti zile nyumbani kwa mara nyingine, na kila niliporudia niliona hasira iliyopangwa kwa akili baridi kabisa. Mzee wangu, hayo huwezi kuyapata ukiwa umelala kwenye kochi.

Kozi ilinifuata mpaka kazini. Miongoni mwa wazee ninaowahudumia yumo mmoja ambaye ujanani alikuwa fundi wa chumba cha projekta. Nilipomwambia ninachosoma akaniuliza kama nimewahi kuona kiduara kwenye pembe ya juu kulia ya picha. Sikuwa nimewahi. Akanieleza. Sinema ndefu ilikuja katika magurudumu, kila gurudumu halizidi dakika kama 20, na chumbani kulikuwa na projekta mbili. Kiduara cha kwanza kinapomulika, fundi anawasha mota ya projekta ya pili. Kinapomulika cha pili, sekunde chache baadaye, anahamisha picha kutoka mashine moja kwenda nyingine, na ukumbini hakuna anayejua. Alinionyesha kwa mikono, mkono mmoja kwenye mota, mwingine kwenye kifuniko cha lenzi, vidole vinavyotetemeka vikatulia kwa muda ule. Akanieleza pia madirisha ya chuma ya chumba kile, yaliyokaa tayari kujifunga yenyewe moto ukitokea, kwa sababu mikanda ya naitreti ikishika moto haizimiki hata ukiitumbukiza majini.

Ukumbi aliofanyia kazi ulikuwa wa mtu binafsi, na bosi wake alikuwa akilalamika kila mwezi kwa kulazimishwa kuchukua picha asizozitaka. Hilo tulikuwa tumelisoma wiki ileile. Makampuni makubwa matano, Paramount, MGM, Warner, Fox na RKO, yalitengeneza sinema, yakazisambaza, na yakamiliki kumbi bora za mijini. Mwenye ukumbi mdogo akitaka picha moja ya nyota, aliuziwa fungu zima, nyingine akiwa hajaziona hata kwa macho. Mei 1948 Mahakama ya Juu ilisema basi: kuuza kwa mafungu kukapigwa marufuku, na studio hatimaye zikalazimika kujitenga na kumbi zao. Amri hizo zilifutwa mwaka 2020. Mzee yule alikuwa anazijua kwa upande wa chumba cha projekta, mimi kwa upande wa hukumu, na tuliongea mpaka nikachelewa kugawa chai.

Kuhusu kanuni za maadili za Hollywood sitasema mengi, zimeandikwa sana. Ziliandikwa 1930 na zikaanza kusimamiwa kwa mkono wa chuma mwaka 1934 chini ya Joseph Breen, msimamizi wa kanuni hizo. Watu huzitaja kwa vichekesho vya mume na mke kulala vitanda viwili. Mimi nataka zitajwe kwa kifungu kilichokataza mapenzi kati ya watu wa rangi tofauti, kwa kuwa kilikula ajira za watu halisi. Anna May Wong, Mmarekani wa asili ya Kichina aliyezaliwa Los Angeles, hakupewa nafasi ya mke katika The Good Earth ya 1937, sinema inayohusu wakulima wa China, kwa vile mume alichezwa na mzungu. Nafasi ilikwenda kwa Luise Rainer, mzaliwa wa Ujerumani, na Oscar akaichukua. Na Hattie McDaniel, alipokuwa mtu mweusi wa kwanza kushinda Oscar, Februari 1940, aliketishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na wenzake wa Gone with the Wind, sinema aliyoshindia.

Kuna jambo jingine ambalo lazima niliandike kwa gazeti linalosomwa na watu wa Afrika Mashariki. Mwaka 1929 MGM ilituma kikosi cha kupiga picha katika nchi zetu kwa ajili ya Trader Horn, iliyotoka 1931. Mutia Omoolu, Mkenya, alicheza humo kama mbeba bunduki wa Horn, nafasi kubwa, na uso wake una utulivu ambao wazungu waliomzunguka hawana. Vipande vingi vilivyopigwa safari ile vilibaki, studio ikavitumia tena katika Tarzan the Ape Man ya 1932. Mwalimu alisimamisha picha mahali pamoja. Mbele wamesimama waigizaji, wako studio California. Nyuma yao, kwenye skrini kubwa, wanapita watu wetu, waliopigwa picha Afrika kwa ajili ya sinema nyingine. Bibi wa kizungu anawatazama na kuuliza maswali juu yao, wao wanatazama kwingine, kwa kuwa hawakuwahi kuwa mahali pamoja naye hata dakika moja. Wanyama nao wakafanyiwa hila, tembo wa Asia wakivishwa masikio makubwa ya bandia ili wafanane na wa kwetu. Nilikuwa nimeshatazama Tarzan za aina hiyo tangu mdogo. Kutazama hakukuniambia lolote. Kufundishwa kutazama ndiko kulikonionyesha ule mstari mwembamba kati ya skrini ya nyuma na waigizaji wa mbele. Natamani kila kijana wetu auone mstari huo.

Nisionekane naitetea kozi yangu kwa kila kitu. Tuliishi muda mrefu na miaka ya 1910 hadi 1940, halafu tukaanza kukimbia. Wale wanafunzi weusi wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliobadilisha mambo miaka ya 1970 na 1980, walipewa jioni moja, na nusu yake ikaliwa na matangazo ya mtihani. Jioni moja kwa Charles Burnett, Julie Dash na Haile Gerima! Gerima ni mwana wa Ethiopia, jirani yetu, aliyekuja kufundisha vijana sinema Chuo Kikuu cha Howard kwa miaka mingi. Killer of Sheep ya Burnett, iliyopigwa mtaa wa Watts kwa fedha kidogo mno, haikuweza kuonyeshwa kwenye kumbi kibiashara mpaka 2007 kwa kuwa haki za muziki uliomo zilikuwa hazijalipiwa. Daughters of the Dust ya Dash, ya mwaka 1991, ndiyo ya kwanza ya mwanamke mweusi wa Marekani kusambazwa kwenye kumbi za nchi nzima. Miaka zaidi ya 70 baada ya Micheaux kuanza! Hapo ndipo palihitaji majuma matatu. Nimekiandikia chuo barua juu ya hilo.

Na sinema zitazamwe ukumbini, kwa pamoja. Vyuo vingi sasa vinawaambia wanafunzi wamalizie kutazama kwenye simu. Sini ya Micheaux kwenye simu ndani ya basi si sini ileile. Kovu la Sylvia halionekani.

Uchunguzi wa Maktaba ya Bunge uliotolewa 2013 ulionyesha kwamba kati ya sinema ndefu karibu 11,000 za kimya zilizotengenezwa Marekani, ni asilimia 14 tu zilizobaki katika umbo lake la asili. Moto mmoja wa stoo huko Little Ferry, hapahapa New Jersey, Julai 1937, uliteketeza sehemu kubwa ya sinema za kimya za Fox. Kwa hiyo somo hili linahitaji watu wanaoweza kusoma karatasi za hakimiliki, magazeti ya zamani, mabango, barua za wakaguzi, na kujenga upya kilichoungua. Vipande vya Kiafrika vilivyopigwa na makampuni ya Marekani vimo katika hifadhi hizohizo, na watu wachache sana wanaozifungua wanaweza kutambua lugha inayosemwa kwenye picha au mahali paliposimama kamera.

Mzee wangu, ukitaka kujua kama karo yako inakwenda mahali pema, mwombe mwanao akutumie silabasi. Angalia kama Micheaux na Guy-Blaché wamo, kama kesi za 1915 na 1948 zinasomwa, kama kuna zoezi la kuandika shoti kwa shoti, na kama mwalimu anawapeleka kwenye nyaraka au anawaachia kitabu kimoja cha kukariri. Yakikosekana yote, basi lalamika, nami nitakuunga mkono katika ukurasa huuhuu. Yakiwepo, mwache asome. Within Our Gates inatazamwa bure mtandaoni, hakimiliki yake ilishakwisha. Itazame na wewe, halafu mpigie simu mzungumze.

Mimi muhula ujao nimejiandikisha kozi ya uhifadhi wa mikanda, na nimeomba zamu za mchana ili niweze kuhudhuria.

Msomaji wako wa siku nyingi,
New Jersey, Marekani